Sufuria Isiyo na Pilipili

Vijana wangu, ninyi mnaofika Mombo asubuhi na macho mekundu, mkauliza supu iko wapi kabla hamjauliza mko wapi, naomba mnisogezee nafasi kidogo kwenye benchi. Ninyi supu mnaijua kwa ulimi, mimi naijua kwa kucha. Nilianza kama mwosha utumbo, nikawa mpishi wa utumbo, mwishowe nikawa yule mzee anayeamkiwa shikamoo kwa heshima nyingi mno na watu wanaotaka kuongezewa nyama. Sasa nimepumzika. Nimepanga chumba hapa Lushoto, juu kidogo ya soko, na kila asubuhi baridi inaponishika miguu naukumbuka moto ule.

Nataka kuwaambia ninachokijua kuhusu pombe na tumbo. Lakini sitawaficha, tumbo peke yake lisingenifanya nishike kalamu. Kuna mtu yuko Mtae, kule milima inapoishia, anaitwa Shaabani, na natamani kumwona kabla mmoja wetu hajatangulia. Mimi ni mtu wa kuzurura. Nimelala Korogwe, nimelala Same, nimechuma chai, nimepasua mbao, nimewahi kufika Tanga kwa sababu tu nilitaka kujua meli inageukaje. Mtae, hadi leo ninapoandika, sijafika. Watu husema njia yake mbaya, na kweli ni mbaya, lakini si njia iliyonizuia. Shaabani aliniomba nisiende mpaka aniite. Kilichotutenganisha ni tumbo lake.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa. Nilitoka nje mara moja kwenda kutazama mashine ya kupasua mbao iliyoletwa kijijini, nikapenda inavyotafuna gogo, nikasahau kurudi. Baada ya hapo kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa, nikishaielewa naondoka. Kazi ya utumbo ndiyo pekee ambayo sikuimaliza kuielewa, ndiyo maana ilinizeesha.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Ngoda, Mshambaa wa huku juu aliyeteremkia Mombo kwa sababu kifua chake hakikupenda baridi. Alikuwa mwembamba, kofia nyeupe, sauti ya chini. Pombe hakuwahi kuionja maishani mwake, na wateja wake wengi walikuwa walevi. Shehe mmoja alimtania siku moja, "Ngoda, wewe unawahudumia watu wa motoni." Akajibu, "Shehe, mimi sinywi na siuzi pombe. Nauza supu. Mtu akija na tumbo bovu, kwangu ni mgeni."

Siku yangu ya kwanza aliniachia karai la utumbo na kusema, "Osha." Mimi nikaona werevu ni kumaliza haraka. Nikachemsha maji mpaka yakaruka, nikautumbukiza wote. Ngozi ya ndani ikagandamana kama koti lililonyeshewa mvua likakaukia mwilini. Nikakwangua kwa kisu, nikakwangua kwa gunzi, nikakwangua kwa hasira. Mzee akaja, akatazama, hakugomba. Aliupika vilevile, akanipa bakuli zima. Nilitafuna mpaka mataya yakaniuma. Akaniuliza, "Umejifunza nini?" Nikasema, "Kwamba nina meno mazuri."

Basi jueni, mtakaoosha utumbo baada yangu: maji yawe ya moto kiasi kwamba ukichovya kidole unakitoa upesi lakini hupigi kelele. Unaugeuza ndani nje kwa kijiti laini. Chumvi, ndimu, mgongo wa kisu, polepole. Ukianza kuchemsha usifunike sufuria, acha harufu iende zake kwanza. Kuna kipande chenye manyoya mafupi mafupi, wateja wanakiita taulo. Kuna kingine kina kurasa, tulikiita kitabu, na Mzee Ngoda alipenda kunitupia hicho akisema, "Haya, shule uliikimbia, soma hiki."

Nami nilikisoma. Niliona kwamba ukiufungua utumbo kabla ya maji, ndani kuna utelezi, ute unaofunika kila mahali. Nikamuuliza Mzee kwa nini tunausugua wote utoke.

"Kwa sababu mteja hataki kula koti la mwenzake," akasema. "Huyu ng'ombe amekula majani makali na miiba, na tazama ngozi ilivyo laini. Huo ute ndio koti lake. Mtu naye analo. Akilivua kila siku kwa pombe, atabaki na nini?"

Ndiyo maana jikoni kwake kulikuwa na sufuria mbili. Ya kwanza mnaijua: mafuta juu, pilipili, ndimu, inatoa kamasi na machozi. Hiyo ilikuwa ya madereva, abiria, wapagazi walioamka na matumbo yao salama. Ya pili ilikuwa na mifupa, utumbo mlaini usio na mafuta, tangawizi kidogo, chumvi kidogo, ndizi mbichi zilizochemka mpaka zikavurugika. Rangi yake ilikuwa ya maji ya mvua. Hiyo ilikuwa ya walevi, na walevi waliichukia.

Mzee hakumpa mtu bakuli kabla ya kumuuliza swali moja: "Umekula jana?" Hakuuliza umekunywa nini wala kiasi gani. Alisema pombe inayoingia kwenye tumbo tupu ni kama moto kwenye nyumba isiyo na mtu, hakuna wa kuuona mapema.

Mtu akija akajibu, "Mzee, mimi nimekuja kuzimua, sikuja kujieleza."

"Umekula jana?"

"Jana nilikunywa."

"Sikukuuliza kunywa. Hata ng'ombe anakunywa."

Benchi zima linacheka, na yule bwana anapewa sufuria ya pili huku amenuna kama bibi harusi.

Mimi mwanzoni nilidhani Mzee anawaonea. Walevi wote wa Mombo waliamini kwamba pilipili na ndimu ndiyo dawa, kwamba inapochoma ndiyo inaondoa pombe, jasho likitoka na pombe imetoka. Nikiwa mtu wa kutaka kujua, nilifanya mtihani wangu. Nilichukua vipande vya utumbo kabla havijaoshwa, kimoja nikakitia kwenye glasi ya maji, kingine kwenye boha, ile pombe yetu ya miwa, kingine kwenye pombe kali ya kiroba, ile ya vifuko vidogo. Cha maji kilibaki kinateleza. Cha boha kililegea. Cha kiroba kilikauka rangi, kikawa cheupe na kigumu, ute wote umeganda na kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Niliibeba ile glasi kama mtu aliyeokota almasi, nikaipeleka kituo cha afya kumwonyesha daktari, dada mmoja kutoka Tanga aliyezoea maswali yangu.

Alicheka mpaka akavua miwani. "Kaka, hicho kipande kimekufa. Kipande kilichokufa hakijitetei. Tumbo la mtu aliye hai linatoa ute mwingine, linajishona. Usiende kuwatisha watu na glasi yako."

"Kwa hiyo pombe haina neno?"

"Sijasema hivyo. Nimesema linajishona. Sasa wewe fikiria nguo unayoishona mchana na mtu anaichana kila jioni."

Akanikalisha akanieleza, na yale aliyonieleza ndiyo nawapa ninyi bure. Pombe, hasa ile kali, hasa tumbo likiwa tupu, inaiwasha ngozi ya ndani na kuifanya ivimbe. Inalegeza ule mlango ulio juu ya tumbo, asidi inapanda kifuani, ndiyo kile kiungulia mnachokilaumu maharage. Huko chini kwenye utumbo mwembamba, alisema, mtu naye ana taulo lake, nywele ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ndizo zinazofyonza chakula. Kwa mnywaji wa kila siku zinaumia, ndiyo maana unamwona anakula na bado anakonda. Pombe inausukuma utumbo uende mbio, asubuhi unaharisha ukidhani umekula kitu kibaya. Na kuna vijidudu vyema vinavyoishi humo, vinavyotusaidia kusaga chakula na kuvizuia vile vibaya. Pombe inavivuruga, tumbo linajaa gesi, ukuta unavuja kidogo kidogo, na sumu inayovuja inaliendea ini.

"Na habari njema?" nikamuuliza, maana sikupenda kurudi kwenye moto na maneno hayo tu.

"Habari njema ni kwamba ngozi ya ndani hujifuma upya upesi kuliko ya nje. Ipe nafasi tu."

Sasa nimfikie Shaabani.

Alikuwa utingo wa Fuso lililoshusha kabichi na karoti kutoka Mtae. Kifua kipana, miguu ya mtu aliyekua akipanda na kushuka, na sauti ambayo Mungu aliikusudia kuwa honi, akabadili mawazo dakika ya mwisho. Gari lilipofika kwenye kona za mwisho juu ya Mombo, kabla hatujaliona, yeye juu ya kabichi alipiga honi kwa mdomo, ndefu, inayopanda na kukatika. Mimi nikiisikia nilikuwa naweka bakuli mezani. Alikuwa akiniita Msafiri. Wakati wa kungoja mzigo wa kurudi alikaa karibu na moto akanisimulia Mtae: jinsi ukisimama ukingoni unaona nchi tambarare chini kabisa, mvua ikinyesha mahali pengine na wewe uko juani, na mawingu yakipita chini ya miguu yako kama kondoo. Mimi niliyekwenda kila mahali nilimsikiliza kama mtoto. Nikasema nitakuja. Akasema, "Njoo, mama atakupikia bada, ugali wetu wa muhogo."

Tatizo lake alikuwa anaijua sana sufuria ya kwanza. Kijana alianza na boha kwenye kibuyu, pamoja na wazee, na chakula pembeni. Kisha vikaja viroba, vikaingia mfuko wa shati, na mtu akawa anakunywa peke yake juu ya gari bila hata kukaa chini. Siku hizi viroba havipo, mnavyo vichupa vya plastiki, mfuko ni uleule. Na kwa kuwa alijua swali la Mzee, alikuwa akifika amejipaka makombo ya andazi mdomoni.

"Umekula jana?"

"Mzee, hunioni? Hata leo nimekula."

"Andazi hilo limeliwa na masharubu."

Lakini siku nyingine Mzee alikuwa msikitini au machinjioni, na Shaabani alipata pilipili yake.

Mgongo ulimsumbua kwa ajili ya magunia. Akawa anameza vidonge vya maumivu vya dukani, anavisukuma kwa kiroba. Tumbo likaanza kumchoma katikati ya kifua na kitovu. Mtaani wakamwambia ni mchango, na pombe kali inaua mchango, aongeze. Akaongeza. Nilimwambia maneno ya daktari, akanipigapiga begani. "Msafiri, wewe umesoma kitabu cha ng'ombe. Mimi ni mtu."

Kabla sijaendelea, nirudi nyuma kidogo. Miezi kadhaa kabla ya hapo tuliletewa utumbo wa ng'ombe mmoja ambao ndani ulikuwa mweusi, unanata kama lami, na harufu yake si ile ya kawaida ya samadi. Nilishika kisu nikaanza kuukwangua, nikidhani ni uchafu uliozidi. Mzee Ngoda alinishika mkono. Akaupindua, akanionyesha kidonda kwenye tumbo la nne, kirefu kama jani la mhindi mchanga.

"Huo si uchafu," akasema. "Ni damu iliyosafiri. Damu ikitokea juu, ikishuka njia yote hii, inafika chini nyeusi." Mkaguzi wa nyama akaamuru tuuzike, tukauzika.

Basi asubuhi moja honi ilisikika kwenye kona, lakini fupi. Niliweka bakuli. Shaabani aliteremka kwa kushikilia ubao wa gari, akaja benchini akitabasamu, midomo imepauka kama ya mtu aliyekula unga.

"Onga makeo," akatuamkia kwa Kishambaa, kisha akainua mikono kwa wanywaji wenzake. "Jamani, supu ya Mombo ni dawa! Tangu jana choo changu cheusi tii, kama lami. Uchafu wote wa pombe unatoka."

Benchi likashangilia. Kweli, walishangilia. Mmoja akasema, "Umesafishika!" Mwingine akasema hata yeye aliwahi kusafishika hivyo, kidogo. Mtu wa tatu akaniagiza nimwongezee pilipili ili naye asafishike.

Mzee Ngoda alikuwa ameshika upawa. Hakumuuliza kama amekula. Alimshika kidevu akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamvuta kope la chini akatazama.

"Shaabani, kaa chini."

"Mzee, gari linaondoka, nina kabichi za..."

"Kabichi zina kichwa chake kila moja, zitajiangalia. Kaa." Kisha akanitazama mimi, akasema neno moja tu: "Imesafiri."

Nilielewa. Shaabani alisimama ili kutuonyesha kwamba ni mzima, akafika nusu ya njia, akaangukia mikononi mwangu. Alikuwa mzito kama gunia la viazi, na baridi.

Dereva wa Fuso hakubishana. Tulimlaza kwenye siti ya mbele, mimi nikamshika, kabichi nyuma zikirukaruka, mpaka hospitali. Daktari wa pale alisema kidonda kimefungua mshipa tumboni, na kwamba pombe, vidonge vya maumivu na mdudu fulani aishiye tumboni vimesaidiana. Alisema si kila mwenye vidonda vya tumbo ni mlevi, wengine ni huyo mdudu tu, na mdudu ana dawa zake, za kumalizwa zote, si za kuacha ukipata nafuu. Akauliza nani atatoa damu. Wakapima yangu ikafaa.

Shaabani alipofumbua macho na kuambiwa damu ni ya nani, alisema kwa kisauti chembamba kisicho honi tena, "Basi nimekwisha. Na mimi nitaanza kuzurura."

Tulicheka wote wawili, yeye akishika tumbo.

Alitoka amekonda, na masharti: pombe basi, vidonge vya maumivu basi, ale kidogo kidogo na kwa wakati. Mzee Ngoda alimpokea benchini kama sultani, akampa sufuria ya pili bila kumuuliza neno. Shaabani aliinywa yote. Mimi nilikuwa nakata ndimu kwa wateja wengine. Nikaona amesimama ghafla, ameenda nyuma ya jiko. Nikamfuata.

Alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka.

"Tumbo?" nikauliza.

"Tumbo halina neno." Hakunitazama. "Ni wewe."

"Mimi?"

"Msafiri, miaka yote hii, kila nilipoamka na pombe, uso wa kwanza niliouona ni wako. Harufu yako ndimu, mikono yako utumbo, moshi wako. Sasa nikikuona mate yananijaa, na si ya supu. Unanielewa? Nikikuona wewe naitaka."

Nikatazama mikono yangu. Nimeiosha kwa sabuni ya kila namna, ndimu haitoki.

"Naenda Mtae kwa mama," akasema. "Nitalima. Nikikaa hapa barabarani nitakufa, na nikifa nitakuwa nimeipoteza damu yako bure. Usinifuate. Nakuomba kama ndugu. Usije mpaka nikuite."

"Utaniita?"

"Nitakuita."

Alipanda gari lilelile, lakini ndani, pembeni ya dereva. Kwenye kona hakupiga honi.

Vijana, watu wanawaambia kuacha pombe ni kuacha chupa. Mimi nimejifunza kwamba ni kuacha pia benchi, wimbo, utani, asubuhi, na pengine rafiki ambaye hakukukosea lolote. Tumbo hujifuma upesi, dada yule wa Tanga alisema kweli. Mtu mwenyewe anachukua muda mrefu zaidi, na anayemsubiri hana dawa ya kumeza.

Niliendelea na kazi. Mzee Ngoda alipofariki nilirithi upawa na sufuria zote mbili, na swali pia. Nililiuliza kila asubuhi. Walinitukana kwa upole, wakanywa ndizi zangu. Kila gari la Mtae lilipokuja nilimuuliza utingo mpya, "Shaabani hajambo?" Na utingo alinijibu, "Hajambo. Anakusalimu. Anasema bado."

Neno hilo ndilo nililoishi nalo. Bado. Msimu wa mapeasi uliletwa mfuko wa mapeasi na neno bado. Msimu wa njegere, njegere na bado. Nilisikia ameoa. Nilisikia ana ng'ombe, anakunywa maziwa mgando na uji wa mahindi, mwili umerudi. Nilisikia mama yake amefariki, na hata msibani sikwenda, nilituma kitenge na dua, nikakaa kwenye moto nikaukodolea macho. Mara nyingine nilipata safari za mpaka Rangwi, nikasimama pale barabara inapoendelea kwenda Mtae, nikiuangalia upande ule, kisha nikarudi. Mtu asiyeweza kukaa mahali pamoja aliwekewa mahali pamoja pa kutokwenda. Mungu naye ana utani wake.

Nilipochoka miguu niliteua kijana wa kumwachia jiko, nikapanda kuja kukaa Lushoto. Wakaniuliza kwa nini Lushoto, na nilizoea joto la Mombo. Nikasema hewa nzuri. Kweli ni kwamba magari ya Mtae yanapita hapa, na hapa ni karibu zaidi kidogo. Na ndimu sijashika tena. Naosha mikono kwa sabuni tu, asubuhi hadi asubuhi, kisha nainusa.

Juzi nilikuwa sokoni. Kuna mama anaitwa Mama Rehema, analeta njegere kutoka Mtae, mwanamke mwenye maneno makali na mizani ya haki. Ndiye siku hizi ananiletea salamu. Nikamwamkia, nikauliza kama kawaida, nikijua jibu kama kawaida, nikaanza hata kugeuka.

"Simama wewe mzee, una haraka ya nini? Nimetumwa."

"Anasema bado."

"Nani kakwambia? Umekuwa wewe ndiye unajiletea salamu siku hizi?" Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Ana mambo ya ajabu huyo rafiki yako. Juzi mjukuu wake alikatiwa ndimu kwenye supu ya kuku, mezani, mbele yake. Sisi majirani tukamtazama, tunajua ndimu haigusi. Akainusa. Akala. Akakaa pale anacheka peke yake mpaka mkewe akaogopa. Kesho yake asubuhi kaja kwangu natia njegere kwenye magunia, kasema nikufikie, nisikwambie bado. Kasema nikuulize."

"Uniulize nini?"

"Eti umekula jana? Kasema kama hujala, upande uje Mtae."

Sokoni watu walikuwa wakipiga kelele za bei, gari lilikuwa linarudi nyuma, mtoto wa mtu alikuwa analia. Mimi sikusikia kitu. Nilisikia honi tu, ndefu, inayopanda na kukatika.

"Sasa nimwambie nini?" Mama Rehema akauliza. "Umekula au hujala?"

Jana yake nilikuwa nimekula ugali, maharage na kisamvu kwa jirani yangu, mpaka nikalegeza mkanda.

"Mwambie sijala," nikasema. "Mwambie sijala tangu alipoondoka."